Neno "Rahisi" na Kazi Isiyoonekana

Mteja mmoja alinirudishia ankara yangu ikiwa imepigwa mstari mwekundu chini ya jumla. Alikuwa amenipa ripoti ya kurasa 64 niihariri, nami nikamrudishia kurasa 41. Lugha hakuilalamikia. Alikiri kwamba sasa inasomeka, na kwamba mkubwa wake wa kazi aliimaliza kwa mkao mmoja. Kilichomkwaza ni kitu kimoja: "Wewe umefuta tu. Nikulipe kurasa 64 kwa lipi, na mkononi nina 41?"

Halikuwa swali la mjanja anayekwepa kulipa. Mbele yake palikuwa na vitu viwili, ripoti nene aliyonipa na nyembamba niliyomrudishia, na macho yake yalimwambia kwamba mali yake imepungua. Siku sita nilizokaa na ripoti ile nikiiuliza kila aya imekuja kufanya nini hazikuwepo pale mezani. Ukurasa wa 17 ulikuwa na aya tatu zilizosema jambo lile lile kwa maneno tofauti, na ndani ya aya ya pili mlikuwa na tarakimu iliyogongana na jedwali la ukurasa wa 52. Kuifuta aya ile ni kubonyeza kitufe. Kujua kwamba ndiyo ya kufutwa kulinimalizia asubuhi nzima.

Kiswahili kina neno ambalo tangu siku ile halijaacha kunisumbua: rahisi. Mtihani ukiwa mwepesi tunasema ulikuwa rahisi. Shati likiwa la bei ya chini tunasema ni rahisi. Kwenye Kiarabu, tulikolichota, neno hilo ni la bei. Wepesi tumeuongeza sisi. Aliyekulia ndani ya lugha hii haoni mshono kati ya maana hizo mbili, kwa hiyo kisichosumbua kukifanya na kisichostahili fedha nyingi vinakaa kwenye neno moja kama ndugu pacha. Ni mpaka utafute kinyume chake ndipo unapogutuka. Kinyume cha rahisi ni ghali, na kinyume cha rahisi ni gumu. Kumbe ni mambo mawili, na yanaweza kabisa kuachana.

Ninachokiona mimi ni kwamba tukipewa kazi tuipangie malipo, wengi wetu tunapima jasho tulilolishuhudia. Kilichofanyika chenyewe kinakuja nyuma. Na kwa kuwa ujuzi ukikomaa hukausha jasho, mizani hiyo inamwadhibu mtu kadiri anavyozidi kuwa hodari. Fundi mwanagenzi akihangaika kutwa nzima tunamwonea huruma na kumlipa kwa moyo mweupe. Fundi mkuu akimaliza kwa robo saa tunahisi tumeibiwa, ingawa kitu kimetengemaa vilevile na sisi tumerudishiwa siku yetu.

Jambo hili limewahi kupimwa. Mwaka 2004 Justin Kruger na wenzake watatu walichapisha majaribio ambamo watu walisomeshwa shairi moja. Baadhi waliambiwa mshairi alilitunga kwa saa 4, wengine wakaambiwa saa 18. Maneno yalikuwa yale yale, vituo vile vile. Walioambiwa saa 18 walilipenda zaidi, wakaliona bora zaidi, na wakalikadiria bei kubwa zaidi. Watafiti hao waliona pia kwamba mvuto huo wa jasho huongezeka pale ubora wa kitu unapokuwa mgumu kuutambua. Hilo la mwisho ndilo zito, na nitalirudia.

Kabla ya hapo kuna kesi iliyosikilizwa London mwezi Novemba 1878. Mchoraji James Whistler alikuwa ameonesha picha ya fataki zikianguka usiku juu ya mto, giza tupu na cheche za dhahabu, akaitaka ginea 200, fedha ya Kiingereza ya zamani. John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyeogopwa kuliko wote Uingereza wakati ule, akaandika kwamba ni ufidhuli kuomba fedha hizo kwa kuurushia umma kopo la rangi usoni. Whistler akamshitaki kwa kumharibia jina. Mahakamani Sir John Holker, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aliyemtetea Ruskin, alimuuliza picha ile ilimchukua muda gani. Whistler akasema kama siku mbili. Holker akauliza: basi ginea 200 unazidai kwa kazi ya siku mbili? Whistler akajibu kwamba hapana, anazidai kwa maarifa aliyoyapata katika kazi ya maisha yake yote.

Jibu hilo limenukuliwa na mafundi na wasanii wa kila aina tangu wakati ule, na mimi mwenyewe nimelitumia zaidi ya mara moja. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa Whistler ushindi, kisha likamkadiria fidia ya robo ya peni moja. Gharama za kesi zilimfilisi mwaka uliofuata. Picha yenyewe leo inatunzwa katika jumba la sanaa la Detroit, Marekani.

Nimelitafakari jibu la Whistler kwa miaka mingi, na sasa naliona lina ufa. Holker alihesabu siku mbili. Whistler hakumwambia kwamba siku si kipimo. Alizirefusha tu hizo siku kwenda nyuma, mpaka zikawa miaka. Wote wawili walikuwa wakiongea lugha ya jasho. Lakini mtu anaweza kusomea uchoraji miaka 30 na akachora vibaya, na miaka yake 30 isimfae kitu mnunuzi. Mafunzo marefu yanaeleza kwa nini mtu ameweza. Hayaelezi kwa nini alipwe. Kinachostahili kulipiwa ni kile kinachobaki kwa mnunuzi baada ya fundi kuondoka, hata kama kinachobaki ni tatizo ambalo halipo tena. Karl Marx, aliyeifunga thamani kwenye kazi kwa nguvu kuliko yeyote, aliuona mtego huu. Katika kazi yake kubwa ya mwaka 1867 alitahadharisha kwamba mvivu hazalishi thamani kubwa zaidi kwa sababu tu amechelewa kumaliza.

Turudi kwenye ugumu wa kutambua ubora, maana hapo ndipo lawama inapopungua. Mwaka 1970 mchumi Phillip Nelson alitofautisha bidhaa ambazo mnunuzi anazijua kwa kuziangalia na zile anazozijua baada ya kuzitumia. Miaka mitatu baadaye Michael Darby na Edi Karni wakaongeza kundi la tatu: vitu ambavyo hata baada ya kuvitumia huwezi kujua vilikuwa vizuri au la. Daktari amekuambia upasuaji ulihitajika. Fundi wa gari amekuambia kile kifaa kilikuwa kimekwisha. Umepona, gari linatembea. Je, ungepona bila upasuaji? Je, kifaa cha zamani kingeendelea mwaka mwingine? Hutajua kamwe. Katika vitu vya namna hii unalipa kwa imani, na imani hutafuta cha kushika: kelele za nyundo, saa zilizotumika, koti jeupe, unene wa ripoti.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, lakini methali hiyo inafaa kwenye mkeka au mtungi, kitu unachokigeuza mkononi ukakiona mshono wake. Haifai pale ambapo uzuri umejificha. George Akerlof alionesha mwaka huo huo wa 1970, akitumia mfano wa magari yaliyokwishatumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, atatoa bei ya katikati kwa yote mawili. Bei hiyo haimtoshi mwenye gari zima, naye ataliondoa sokoni. Kibaya kinabaki kikitembea peke yake. Kwa hoja hiyo na nyingine za aina yake alitunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 2001 pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Nimewaona wahariri, wapimaji na wahasibu wazuri wakiondoka sokoni kwa njia hiyo hiyo, mmoja mmoja, bila kelele. Wamechoka kulipwa bei ya katikati.

Mnunuzi akikosa cha kushika hushika hata bei yenyewe. Mwaka 2008 kikundi cha watafiti nchini Marekani kilichapisha jaribio la watu 82 waliopewa kidonge wakaambiwa ni dawa mpya ya maumivu. Nusu waliambiwa kidonge kimoja huuzwa dola 2.50. Nusu wakaambiwa bei imeshushwa hadi senti 10. Kidonge hakikuwa na dawa yoyote ndani. Walipopigwa shoti ndogo za umeme kabla na baada, asilimia 85 ya kundi la bei kubwa walisema maumivu yamepungua. Kwenye kundi la bei ndogo walikuwa asilimia 61. Tazama hapo: bei haikuishia kuwaambia watu waamini nini, ilishuka mpaka kwenye ngozi. Anayepunguza bei yake kwa unyonge anapaswa kulijua hilo, na anayepandisha bei ya kitu kitupu bila shaka analijua tayari.

Kwa hiyo fundi afanyeje? Ryan Buell na Michael Norton walichapisha mwaka 2011 utafiti kuhusu huduma za kutafuta tiketi za ndege kwenye intaneti. Watu waliithamini zaidi huduma iliyowaonesha inavyohangaika, sasa inatafuta shirika hili, sasa lile, hata pale walipolazimika kusubiri, kuliko majibu yale yale yaliyokuja papo hapo. Ushauri unaotoka hapo unaonekana wazi: onesha kazi yako. Nami naukubali, kwa hofu. Kuonesha kazi ni haki ya fundi na ni msaada kwa mteja. Lakini mteja akizoea kulipia anachooneshwa, fundi naye atajifunza kuonesha badala ya kufanya. Anayelipwa kwa saa atazirefusha saa. Anayelipwa kwa ukurasa ataongeza kurasa. Ndiyo maana ile ripoti ilinifikia ikiwa na kurasa 64! Aliyeiandika hakuwa mzembe. Alijua vizuri atapimwa kwa unene, akaandika unene. Na mimi, kwa kutoza kwa ukurasa, nilikuwa nimejitia mwenyewe kwenye mizani ile ile iliyomharibu yeye.

Wachumi wana pingamizi hapa. Watasema maoni ya watu kuhusu nani anastahili nini hayana uzito, bei huamuliwa na uhaba na mahitaji. Adam Smith alishangaa mwaka 1776 kwamba maji yanafaa kuliko chochote na hayanunui karibu chochote, na almasi isiyofaa kitu inanunua mengi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1871, Carl Menger na William Stanley Jevons, kila mmoja kwake, walilitegua fumbo hilo: tunalipia ndoo moja ya ziada, hatulipii maji yote ya dunia, na ndoo ya ziada haina uzito kwa aliyenayo tele. Nakubali. Lakini mahitaji hayashuki kutoka mawinguni. Ni hukumu za watu zilizojumlishwa pamoja, na hukumu ya mtu asiyeona kitu haiwezi kukihitaji. Kabla soko halijakipangia kitu bei, lazima kwanza mtu akione.

Na kuna kazi ambayo ikifanywa vizuri haionekani kabisa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema, na kila mtu anaitika. Lakini nani amewahi kumsifu mziba ufa? Ukuta ukianguka, anayeujenga upya anapigiwa makofi, analipwa vizuri, na watu wanasimama kumtazama. Aliyeuziba ufa mapema ameondoa ushahidi wa kazi yake mwenyewe. Mfano mkubwa ninaoukumbuka ni wa mwisho wa karne iliyopita. Kompyuta nyingi zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, na ilihofiwa kwamba zikifika 00 zitadhani ni 1900: mabenki yakosee riba, mitambo isimame. Kwa miaka kadhaa wataalamu walipitia programu mstari kwa mstari, nyingine zikiwa zimeandikwa na watu waliokwishastaafu, wakisahihisha tarehe. Tarehe 1 Januari 2000 ikafika, hitilafu zikawa chache na ndogo. Badala ya shukrani, watu wengi walisema hatari ilikuwa ya kutiwa chumvi. Waliofanya kazi ile walifanya vizuri kiasi kwamba wakaonekana hawakuwa na kazi. Kama wangelegea kidogo, mifumo michache mikubwa ikaanguka, leo wangekuwa mashujaa.

Nikifika kwenye kazi ya kulea, najikuta siwezi kuandika kwa utulivu. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilikadiria, kwa takwimu za nchi 64, kwamba saa bilioni 16.4 hutumika kila siku katika kulea na kutunza bila malipo, sawa na watu bilioni 2 wanaofanya kazi saa 8 kwa siku bila ujira. Zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Simon Kuznets alipoandaa makadirio ya pato la taifa la Marekani mwaka 1934, kazi za nyumbani ziliachwa nje ya hesabu, na mpaka leo, karibu dunia nzima, ziko nje. Mtoto aliyelala salama haachi alama yoyote. Mgonjwa aliyegeuzwa kila baada ya saa mbili, hata mgongo wake usiote vidonda, anaacha mgongo usio na vidonda, basi. Huwezi kuupiga picha ukaambatanisha na ankara.

Hata kazi ya aina hiyo inapolipwa, kivuli cha "rahisi" kinaifuata. Asaf Levanon, Paula England na Paul Allison walichunguza takwimu za sensa za Marekani za 1950 hadi 2000, wakaona kwamba kazi ikiingiwa na wanawake wengi zaidi, malipo yake baadaye hupungua, hata ukizingatia elimu na ujuzi inaohitaji. Kazi haijabadilika, kilichobadilika ni nani anaonekana akiifanya. Wanawake wa Iceland walikuwa wamekwishazijibu hesabu za namna hiyo kwa njia moja tu iliyobaki. Tarehe 24 Oktoba 1975 takriban tisa kati ya kumi waliacha kazi zote kwa siku moja, za ofisini na za nyumbani. Shule na viwanda vikafungwa, akina baba wakaenda kazini na watoto wao. Siku moja ilitosha kuonesha kilichokuwa kimefichwa na mamia ya siku zilizokwenda sawa.

Kwa hiyo, mtu akiniuliza kazi fulani ilipwe kiasi gani, namuuliza kwanza: isipofanywa, nini kitatokea, na kitamtokea nani? Swali hilo halitoi bei. Linawaweka mezani watu ambao saa na kurasa zimewaacha nje.

Na ndilo nililomuuliza mteja wangu. Tulikaa pamoja, nikafungua nakala yenye alama zangu zote, kila kilichofutwa kikionekana kimekatwa. Nikampeleka ukurasa wa 17, kwenye ile tarakimu, halafu ukurasa wa 52. Alizitazama mara mbili, kwenda na kurudi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Hii ingefika kwa waliotupa fedha?" Nikamwambia ingefika. Akanyamaza, akavuta ankara, akaweka sahihi kwenye jumla ile ile aliyoipigia mstari.

Nilikuwa na swali moja bado. Jedwali la ukurasa wa 52 lilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho. Nililijumlisha mara tatu. Bila jedwali lile nisingegundua chochote, ningefuta aya kwa sababu ya marudio tu, na tarakimu mbovu ingebaki imejirudia kwenye muhtasari. Nikamuuliza ni nani aliyeliandaa. "Ah, karani wetu," akasema. "Yeye anaingiza tu namba."

Nikamrudisha kwenye jedwali. Nikamwonesha safu ya nne, ambako mtu alikuwa amegundua fomu mbili zilizohesabiwa mara mbili, akaziondoa, akaweka nyota ndogo na maelezo ya mstari mmoja chini. Hakuna aliyekuwa amemwagiza. Mteja aliusoma ule mstari polepole. Halafu akaichukua kalamu yake nyekundu, akafungua ukurasa wa mbele wa ripoti, pale yalipoorodheshwa majina ya walioiandaa, akaandika la karani chini ya la kwake.